Wimbo Huu Si Wangu

Juzi nilikuwa nasubiri kutolewa kopi kwenye duka la steshenari hapa Ifakara. Kando yangu binti mmoja wa chuo alikuwa amepandisha filamu yake fupi mtandaoni, mwalimu aitazame jioni. Filamu ikatoka bubu. Mtandao ulikuwa umekata sauti kwa sababu ya wimbo wa msanii maarufu aliouweka ndani.

"Lakini niliandika chini kabisa, 'Wimbo huu si wangu,'" alilalamika, kidole kikigonga kioo cha simu.

Kijana wa duka hakuinua macho kutoka kwenye mashine. "Dada, mtu akivuna mpunga wenu kule shambani Idete, halafu akaacha kibao, 'Mpunga huu si wangu,' baba atamshukuru?"

Binti alifikiri. "Atakibeba kibao mpaka polisi."

Tumezoea kudhani kwamba ukikiri mapema umeshaomba. Hodi ya mtu aliyekwisha kuketi jikoni, wenyeji huiita jina lingine.

Binti hakununa. Aliutoa wimbo, akaweka sauti ya vyura aliowarekodi mwenyewe kwenye majaruba ya mpunga, na filamu ikapendeza. Kisha nikamwona anaandika chini yake, taratibu: "Vyura hawa si wangu."