Bati Nililotoa Harambee

Nilikuwa na kibanda cha chai na mandazi Kawangware, kando ya barabara ya kwenda Riruta. Ijumaa moja taarifa ya habari ya saa saba ilisema vibanda vya barabarani vitabomolewa. Vya wapi? Nani alisikia! Redio yangu ilikuwa na betri zilizochoka, na jirani yangu, mama mboga, alishaanza kupiga mayowe.

Kesho yake kulikuwa na harambee ya kuezeka shule ya chekechea ya mtaa. Mama mboga akaniambia, "Hizi mabati zikikanyagwa na tingatinga, utapata nini? Si afadhali tupatie watoto?" Nikaona ana akili. Asubuhi tukapanda juu ya vibanda na nyundo, tukang'oa misumari kwa mikono yetu wenyewe.

Mgeni wa heshima alishika kipaza sauti akasema hajawahi kuona wafanyabiashara wadogo wenye moyo kama wetu. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimetega sikio barabarani, nikingoja mngurumo.

Tingatinga halikuja. Vibanda vilivyosemwa vilikuwa vya mtaa mwingine kabisa. Kwetu ilikuja mvua, shule ikiwa imeshaezekwa. Ilizima jiko langu, ikalowesha unga, nami nikakimbilia chekechea kujikinga. Mlangoni niliinua macho nikaliona bati langu, bado jeusi kwa moshi wa chai yangu.

Mwalimu akanizuia kwa upole. "Pole, mama. Hapa ndani ni watoto tu."