Siku Bi Subiri Alipojiunganisha Mwenyewe

Mtaa mzima walimwita Bi Subiri, na jina hilo hakulipata kwa upole, maana mpole hakuwa hata kidogo. Alilipata kazini. Enzi zile simu haikwenda yenyewe kama siku hizi. Ulinyanyua mkono wa simu, ukamwambia mwanamke fulani unamtaka nani, naye akachomeka waya hapa na pale kwenye ubao mkubwa uliojaa matundu. Mwanamke huyo alikuwa yeye. "Subiri, nakuunganisha," ndilo lilikuwa neno lake kutwa nzima, kwa mabosi na makarani, kwa waliofiwa na kwa waliopata watoto. Ubao ule ulipong'olewa, mashine zikaanza kujiunganisha zenyewe, naye akarudishwa nyumbani na kalamu moja ya zawadi. Kalamu! Mtu ameshika waya za mji mzima, unampa kalamu! Mpaka leo akiiona kwenye droo huisonya.

Basi asubuhi hii ninayokusimulia, Bi Subiri alikuwa amepiga magoti nyuma ya meza ya televisheni, miwani puani, waya mkononi. Sakafuni mbele yake kulikuwa na vifaa viwili vipya, bado vinanuka plastiki. Kimoja ni modemu, kile kinachopokea intaneti kutoka kwenye waya wa kampuni ya kebo. Kingine ni ruta, kile kinachoisambaza ndani ya nyumba bila waya. Vyote viwili ni vyake. Amevinunua mwenyewe, dukani, kwa hela yake, na usiku mzima hakulala sawasawa kwa kuvifikiria.

Utauliza, kwani mwanzoni walikuwa hawana intaneti? Walikuwa nayo. Kampuni iliwapangisha kijisanduku kimoja kinachofanya kazi zote mbili, na kodi yake ilikuja kila mwezi pamoja na bili. Lakini hapo ndipo ilipokuwa taabu, kwa sababu mumewe Bi Subiri alikuwa mtunza stoo wa kiwanda maisha yake yote. Kule kiwandani walimwita Mzee Rudisha. Ukiazima nyundo asubuhi, jioni yuko mlangoni kwako. Kwake yeye kitu cha kuazima ni amana, na kijisanduku cha kupanga ni cha kuazima, kwa hiyo hakiguswi. Alikifunika kitambaa cha kufuma, akapiga marufuku mtu yeyote kukaribia nyuma yake. "Mali ya watu hiyo, mama," angesema. Yaani mwanamke aliyezoea kuchomoa na kuchomeka waya mia kwa siku, ndani ya nyumba yake mwenyewe haruhusiwi kugusa mmoja. Alivumilia kwa sababu ya amani ya nyumba, ila rohoni ilikuwa inamkereketa.

Kisha kijisanduku kikaanza kuzeeka. Picha zikawa zinaganda. Mtu anaongea nawe, mara uso unakatika vipande vipande, jicho huku, mdomo kule, sauti inakoroma kama mtu yuko kisimani. Fundi wa kampuni alikuja, akakizima, akakiwasha, akaenda zake. Akaja tena, akakizima, akakiwasha. Aliporudi tena na kunyoosha kidole kwenye kile kitufe, Bi Subiri alimwambia, "Baba, kuzima na kuwasha najua." Fundi akacheka kwa aibu, akakiri kwamba kifaa kimechoka na kipya cha kupangisha hakuna, labda mwakani.

Mwakani! Na mdogo wake je?

Hapa nieleze, maana ndiko roho yake ilikokuwa. Bi Subiri ana mdogo wake wa kiume, ndugu yake pekee aliyebaki, anayeishi mbali ng'ambo kwa binti yake. Miaka mingi iliyopita mtoto wa jicho alimwingia macho yote mawili, taratibu, mpaka dunia ikawa ukungu mtupu. Akaogopa kisu. Kila akishauriwa afanyiwe upasuaji alisema ngoja kwanza, na kwanza hiyo haikuisha. Dada yake alimbembeleza, akamkaripia, akamnunia. Safari hii akakubali, kwa sharti moja. "Dada," alisema, "wakinifungua jicho, cha kwanza ninachotaka kukiona ni wewe. Sitaki kuona daktari, sitaki kuona ukuta. Nakutaka wewe."

Upasuaji ulifanyika jana, jicho la kwanza. Bendeji ingefunguliwa leo saa nne asubuhi, na binti yake angemshikia tableti mbele ya uso. Sasa fikiria mwenyewe. Mtu amekaa gizani miaka, anafunguliwa jicho kwa hofu, halafu anaona uso wa dada yake umekatika vipande vipande! Atasema nini? Atasema upasuaji umeharibika. Na yule alivyo mwoga, jicho la pili hatakubali liguswe mpaka anaingia kaburini. Bi Subiri alilijua hilo kama anavyojua jina la mama yake, na simu yake ya mkononi ilikuwa ile ya vitufe, isiyojua picha wala nini.

Ndiyo maana jana yake alikwenda kwa dada mmoja muuza vifaa vya kompyuta, akamwuliza, "Mwanangu, kwani ni lazima nipange?" Yule dada akamwangalia kwa mshangao. "Nani kasema? Laini ni yao, mama, lakini kifaa unaweza kununua chako, mradi kiwe kile wanachokikubali. Unakifunga, unawapigia, unawasomea namba iliyoandikwa chini ya modemu, wanaiwasha kutoka hukohuko. Basi." Lo! Bi Subiri alitoka dukani amekumbatia boksi zake kama anatoka wodi ya wazazi.

Sasa tupo nyuma ya televisheni. Alfajiri alikifungua kijisanduku cha zamani kwenye waya wake mnene, akakiweka mezani, akaenda kuoga. Aliporudi mawazo yote yalikuwa kwenye vile vipya, hata mezani hakutazama. Waya mnene kwenye modemu. Waya mwembamba kutoka modemu kwenda kwenye ruta. Mikono yake ilikuwa imekumbuka kila kitu. Taa zikawaka. Moja tu, ile ya katikati, ilikuwa inapepesa, haitulii, na dada wa duka alishamwambia kwamba itapepesa hivyohivyo mpaka kampuni iitambue. Bi Subiri akapiga kigelegele kidogo cha peke yake, akaingiza nywila ya ruta kwenye tableti yake, akaiweka kochini, akachukua simu ya vitufe, akapiga huduma kwa wateja.

Wakati muziki wa kusubirisha unapigwa, mlango ukafunguliwa, akaingia mumewe anatabasamu mpaka gego la mwisho. Mkononi alipeperusha risiti.

"Nimewarudishia chao!" alisema. "Nilikuwa wa kwanza pale dirishani. Hatudaiwi hata skrubu."

Bi Subiri akageuka kutazama mezani. Patupu. Kitambaa cha kufuma tu kimekunjwa vizuri.

"Umekirudisha? Sasa hivi? Kabla hiki hakijawaka?"

"Si ulikifungua mwenyewe? Nikasema kitu cha watu kisilale—"

"Huduma kwa wateja, habari ya asubuhi," sauti ya msichana ikasema kwenye simu, na Bi Subiri akamnyamazisha mumewe kwa kiganja. Alisoma jina la kwenye bili, akaeleza kwamba amefunga modemu yake, anaomba iwashwe. Alisikia vidole vikigonga kibodi.

"Mama, mfumo unaonyesha mmehama."

"Tumehama kwenda wapi? Nimesimama sebuleni kwangu!"

"Kifaa kimerudishwa leo asubuhi. Kifaa kikirudishwa, laini inafungwa yenyewe. Itabidi mwombe upya, na itafunguliwa kesho."

Mzee Rudisha aliisikia hiyo kesho kutoka pale alipokuwa. Tabasamu likamtoka, akaketi kwenye mkono wa kochi, risiti imemlegea mkononi. Saa ya ukutani ilikuwa imeshapita tatu na nusu. "Nimekuharibia," alisema kwa sauti ndogo. "Mama, nimekuharibia." Bi Subiri angeweza kumrarua siku hiyo, na mimi nisingemlaumu. Lakini alifumba macho, akavuta pumzi, na alipofungua mdomo ilitoka ile sauti yake ya kazini, ambayo mumewe hakuwa ameisikia kwa miaka.

"Mwanangu, umevaa vile vya masikioni?"

"Eh? Ndiyo, mama."

"Mimi nimevaa vya hivyo mpaka vikaniachia alama kichwani. Najua unasoma kilichoandikwa mbele yako, na hukosei. Sasa uache ukurasa huo kidogo unisikilize mimi." Akamweleza habari ya jicho, kwa maneno machache, bila kulia. "Kwa hiyo nakuuliza kama mwenzangu wa kazi. Hapo ulipo, ni nani mwenye uwezo wa kufungua laini leo?"

Msichana akashusha sauti, "Kiongozi wa zamu. Yuko chumba cha pili."

"Kaa tayari basi, kwanza andika namba ya modemu." Akaisoma kama walivyofundishwa zamani, herufi moja moja na kituo katikati, na msichana akairudia yote bila kukosea. "Vizuri. Sasa vua hivyo vya masikioni, uende kwake kwa miguu. Mimi sikati. Na wewe usikate. Sisi kwenye ubao tulikuwa na sheria moja: hutoi waya mpaka uzisikie pande zote mbili zimeitikiana. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama. Usiende popote."

"Niende wapi, na nimeshahama!"

Msichana akaangua kicheko, kisha kikasikika kiti kikisukumwa nyuma. Bi Subiri akabaki na simu sikioni. Taa ya katikati ilipepesa. Mumewe akapiga magoti bila kuambiwa, akapapasa waya mnene nyuma ya modemu, akakuta kinundu chake kimelegea kidogo, akakikaza kwa vidole vyake vya stoo. Bi Subiri alimwekea mkono begani. Dakika ziliwatesa. Tableti kwenye kochi ilikuwa bado inaonyesha alama yake ya kukosa mtandao, na saa haikuwahurumia.

Kiti kule kikarudi. "Mama! Amekubali! Nafungua sasa hivi. Angalia taa."

Ilipepesa. Ikapepesa tena. Halafu ikatulia, kijani, kimya.

"Imesimama!" Bi Subiri alipiga kelele hadi mumewe akajigonga kichwa chini ya meza. "Imesimama, mwanangu! Usikate! Sijasikia pande zote!"

Tableti iliita papo hapo. Bi Subiri akajitupa kwenye kiti, akafuta jasho, akakiweka kitambaa cha kichwa vizuri kisha akakivua kabisa ili mdogo wake amwone alivyo. Simu ya vitufe ilikuwa bado imebanwa kati ya sikio na bega. Picha ikafunguka, safi kama dirisha lililooshwa. Akamwona binti wa mdogo wake, akaona mikono ya nesi, akaona bendeji ikitoka.

"Shangazi, upo?" binti akauliza.

"Nipo. Mlete."

Uso wa mdogo wake ukajaa kwenye kioo. Jicho lilikuwa jekundu, linatoa machozi. Akalipepesa. Akatazama. Bi Subiri naye hakuthubutu hata kupumua, na kwa kitambo hakuna kilichosogea upande wowote.

"Imeganda?" mumewe akanong'ona, roho mkononi.

Ndipo midomo ya mdogo wake ikafunguka. "Mama?" alisema.

Mama yao alikufa wangali vijana wote wawili.

"Baba, huyo ni shangazi," binti yake akamwambia.

"Siye. Huyu mama. Tazama pua hiyo. Tazama mvi hizo." Akaivuta tableti karibu zaidi, jicho limetoka pima. "Mbona mnanitania? Mimi mama yangu namjua."

"Mama gani, mjinga wewe!" Bi Subiri alipasuka, kicheko na kilio kwa pamoja. "Ni mimi! Ni dada yako!"

Mdogo wake akamkazia jicho lile moja, akamkagua toka paji la uso mpaka kidevuni, bila haraka. "Dada?" alisema. "Lo, dada! Mbona umezeeka hivi?"

Hakuna mwanamke anayependa kuambiwa hivyo, na Bi Subiri siku nyingine angemtolea maneno. Siku ile aliruka kutoka kitini. "Anaona!" alimpigia kelele mumewe, akamkumbatia na vumbi lake la chini ya meza. "Jamani, nimezeeka! Anaona!" Kule ng'ambo mdogo wake alikuwa anacheka na kujifuta, anamwuliza nesi kama lile jicho la pili haliwezi kufanywa leoleo.

Katikati ya zogo hilo, sauti ndogo ikatoka kwenye simu ya vitufe iliyokuwa imeangukia kwenye kochi. Bi Subiri akaiokota. Msichana wa huduma kwa wateja alikuwa anavuta kamasi kwa kulia.

"Mama," alisema, "nimewasikia wote wawili. Nitoe waya?"

"Toa, mwanangu," akajibu Bi Subiri. "Toa sasa."