Kisu cha Baba Uwanja wa Ndege

Niliondoka Marangu kumpelekea kaka yangu Aloisi kisu cha baba. Ni kisu cha kuchinjia, na kwetu mtoto mkubwa ndiye hukirithi. Mimi kitinda mimba nilipewa nyumba, kisu nacho nikakikalia. Kwa miaka minane Aloisi, aliyehamia Mwanza, hakunisemesha. Sasa alikuwa mgonjwa, na niliogopa nisimkute hai.

Alfajiri nilikifunga kwa majani makavu ya mgomba, nikakitia kikapuni chini ya ndizi. Juu niliweka jani la isale, ambalo Mchagga akikuletea anakuomba msamaha. Sikuwahi kupanda ndege. Njia nzima niliogopa kuanguka, kumbe balaa lilikuwa chini.

Saa mbili uwanjani, kikapu kiliingia kwenye mashine, mashine ikasimama. Binti wa usalama akanijia.

"Shikamoo mzee. Humu kuna kisu?"

"Marahaba mwanangu. Kipo, cha baba."

"Mbona umekificha?"

"Sijakificha. Nimekifunga kisitoboe kikapu."

Akanieleza kwamba tangu magaidi walipoteka ndege zile za Marekani sheria imekazwa. Kuingia na kisu ndegeni ni jinai, na kukificha ni kubaya zaidi. "Zamani tungekuwekea tu, mzee. Siku hizi unafungwa."

Nikamnyooshea isale.

"Hata kwetu Machame tunalijua," akasema taratibu. "Sheria ndiyo hailijui."

Polisi waliandika maelezo, wakanipa nakala, wakabaki na kisu, wakaniachia nisafiri kwa sharti niripoti kituoni kwao Jumatatu. Angani sikuona wingu wala ziwa. Niliwaza gereza tu.

Adhuhuri, Mwanza, nilimkuta Aloisi kitandani, amekonda. Nikampa isale na karatasi ya polisi, nikihofu atasema ni uongo kwamba kisu nilikuwa nakileta. Aliisoma mara mbili.

"Wamekuandika mtuhumiwa?"

"Ndiyo, kaka."

"Basi tunakwenda wote."

Tulirudi kwa basi, yeye akijishika ubavu kila tuta.

Ninyi mtakaosafiri, kisu kiacheni nyumbani. Hilo nimejifunza kwa hofu. Jingine nilijifunza Jumatatu kituoni. Kabla sijafungua mdomo, Aloisi alijikokota hadi mezani.

"Kisu ni changu, afande. Huyu nilimtuma. Kama ni kufunga, nifunge mimi."

Afande alimtazama sana, akatuonya, akaturudishia kisu. Miaka minane nilimnyima kisu hicho, naye alikuwa tayari kufungwa kwa ajili yangu. Nililia mbele ya askari, wala sikuona haya.