Kinyozi Aliyefumba Macho

"Babu, mbona unaninyoa huku umefumba macho?"

Mjukuu alikuwa darasa la pili, shuka la kunyolea limemfunika mpaka magotini, na swali lenyewe alimuuliza babu yake kupitia kwenye kioo. Mashine ilikuwa inanguruma kisogoni. Wateja wawili waliokaa kwenye benchi wakaacha kubishana mambo ya mpira ili wasikie jibu.

"Nywele zako zinaruka kama panzi," babu akasema. "Zitaniingia machoni. Tulia, nisije nikakuachia sikio moja."

Benchi zima likaangua kicheko, mtoto akashika masikio yake yote mawili, na swali likaishia hapo. Kinyozi akashusha pumzi.

Miaka thelathini na tisa alikuwa akinyoa katika chumba kile kile: mita tatu tu kutoka kwenye kioo mpaka ukuta wa nyuma, viti viwili vya chuma, benchi moja, na kopo la poda lililopondeka ubavuni. Ukungu ulianza kumwingia polepole. Kwanza alikilaumu kioo. Akakisugua kwa gazeti asubuhi na jioni, mpaka fundi viatu wa mlango wa pili akamuuliza kama anataka kukiposa. Halafu akailaumu taa. Alibadilisha balbu tatu ndani ya mwezi mmoja, na chumba kikabaki vile vile, kama vile mtu anapika maharage ndani yake na mvuke hauna pa kutokea.

Mwishowe akaacha kulaumu, akawaachia vidole kazi. Vidole vilijua kila kitu. Vilijua nani ana kovu nyuma ya sikio na nani ana kinundu utosini. Kitu kimoja tu kilivishinda: mstari wa kwenye paji la uso. Mstari ulianza vizuri upande wa kushoto, halafu ukapanda kuelekea kulia kama ngazi ya ghorofani. Vijana wa mtaa wakauona, wakaupenda, wakaupa jina.

"Fundi, nipige kona!"

Naye aliwapiga kona, akidhani ni mtindo mpya wa mjini ambao ameupata bila kufundishwa. Alijisifu sana kwa hilo.

Hakumwambia mtu habari za ukungu. Kinyozi asiyeona hunyang'anywa wembe, na akishanyang'anywa atakaa wapi? Kwenye benchi, na wale wabishi wa mpira? Bora kufa.

Shida ni kwamba binti yake ndiye aliyechaguliwa na zahanati kupima watu macho. Hospitali ya macho ilikuwa mbali, safari ya siku nzima, na nani atasafiri siku nzima kwenda kuambiwa kwamba haoni vizuri? Kwa hiyo nesi wa macho alikuja kuwafundisha watu wa mtaa wenyewe. Bango lao lilikuwa na alama ya aina moja tu, yenye meno matatu kama kitana kilichovunjika. Meno yanaelekea juu, chini, kulia au kushoto, na mstari wa chini kabisa alama zimekuwa ndogo kama sisimizi. Hata asiyejua kusoma anaonyesha kwa mkono tu.

"Baba, nipe ukuta," binti akasema siku moja, bango limekunjwa kwapani.

"Ukuta wa nini?"

"Zahanati watu wanakuja wakiumwa. Kunyolewa wanakuja wote. Wakisubiri zamu, mimi nawapima."

Angekataaje? Tatizo likawa chumba. Bango linataka mita sita, na chumba kina tatu. Lakini nesi aliwafundisha ujanja: unaweka kiti kimoja chini ya ukuta wa nyuma, unatundika bango juu ya kichwa cha anayekaa, naye analitazama kwenye kioo kilicho mbele yake. Macho yanakwenda mita tatu mpaka kwenye kioo, yanarudi mita tatu mpaka kwenye bango. Chumba kimekuwa kirefu mara mbili bila tofali hata moja!

Mtaa mzima ukahamia pale. Kina mama wakaja na watoto ambao walinyolewa juzi. Fundi viatu akapimwa, ikaonekana anahitaji miwani ya karibu tu. Alipoijaribu akautazama mshono wa kiatu chake mwenyewe, akasema, "Kumbe nilikuwa nawaibia watu!"

Na kinyozi alikuwa pale pale kwenye kiti cha pili, ananyoa na kusikiliza. Kutwa nzima, wiki tatu, ni wimbo ule ule: kushoto, juu, juu, kulia, chini, kushoto. Mstari wa mwisho ulimkaa kichwani mpaka akawa anaupiga mluzi akinoa wembe.

Kwa hiyo binti alipomwambia, "Haya baba, zamu yako," hakuogopa hata kidogo. Alikaa, akaziba jicho moja kwa kiganja, akatazama ukungu pale kilipo kioo, akaimba yote mpaka kwenye sisimizi. Akabadilisha jicho, akaimba tena.

"Jamani, baba!" binti akapiga makofi. "Una macho ya kijana!"

"Mlidhani nanyoa kwa miguu?"

Binti akaandika mzima, mzima. Mjukuu, ambaye siku hiyo alikuwa kwenye benchi na kifutio chake mdomoni, aliacha kukitafuna, akamtazama babu kwenye kioo.

Jumanne nesi wa macho akaja kukagua daftari. Alhamisi basi la hospitali lingewachukua waliopatikana na mtoto wa jicho, wakafanyiwe upasuaji. Likishaondoka halirudi mpaka mwaka kesho. Nesi alishusha kidole kwenye majina, kikasimama.

"Huyu mzee wa miaka sabini na mbili amesoma mstari wa mwisho? Macho yote mawili?"

"Ni baba yangu," binti akasema kwa maringo.

"Mimi mwenyewe siusomi huo. Hebu mwite nimpime nje, kwenye mwanga."

Wakatundika bango kwenye mlango wa fundi viatu, nesi akapima mita sita kwa kamba, kinyozi akasimama katikati ya njia. Benchi lote likatoka nje kutazama. Akafunika jicho, akaanza kwa kujiamini, mkono unakatiza hewani kama askari wa barabarani. Kushoto! Juu! Juu! Kulia! Chini! Kushoto!

Fundi viatu akaanza kucheka, kisha benchi zima. Kinyozi naye akacheka, maana alidhani wanamshangilia.

Nesi hakucheka. Alimsogelea, akasema kwa upole, "Mzee wangu, juu na chini umepata zote. Kulia na kushoto umekosa zote. Hakuna ugonjwa wa macho unaofanya hivyo."

Binti alitazama bango, akatazama kioo kule ndani, ambacho hugeuza kulia kuwa kushoto, akaelewa. Wimbo aliokariri baba yake ulikuwa wa kwenye kioo. Huku nje bango lilikuwa linamtazama uso kwa uso.

"Nilikwambia urukeruke alama," nesi akamnong'oneza binti. "Usimpime mtu kwa mpangilio mmoja."

"Nilirahisisha, dada. Nilidhani nawasaidia."

Kinyozi hakuona sura zao, ila alisikia kwamba hakuna aliyekuwa akicheka tena. Akatia mkono mfukoni, akatoa wembe wake wa kukunja, akamnyooshea mwanawe.

"Chukua."

"Nani kakuomba wembe, baba?"

"Kinyozi asiyeona..."

"Urudishe mfukoni. Utauhitaji ukirudi. Mimi nataka jina lako tu." Akafuta neno mzima mara mbili, akaandika jina la baba yake kwenye orodha ya basi.

Hospitalini walianza na jicho la kulia. Asubuhi ya pili daktari akaja kufungua bandeji. Kwanza mwanga, halafu rangi ya kijani ya shuka, halafu binti yake mwenyewe.

"Mwanangu! Una mvi!"

"Asante, baba. Na wewe za kwako umeziona?"

Kinyozi akageuka kutazama wodi, akiwa na tabasamu mpaka kwenye masikio. Kwenye kitanda cha jirani alilala mzee mwenzake, bandeji jichoni, na mstari wa paji la uso umepanda upande mmoja.

"Masikini, nani kakufanyia hivyo?" kinyozi akamuuliza kwa huruma ya kikazi. "Huyo mtu anyang'anywe mashine!"

Yule mzee akalifumbua jicho lake zima. "Ni wewe, fundi. Wiki iliyopita."

Wanasema muuguzi alilazimika kuja kuwatuliza, maana vicheko vile havifai kwa macho mapya.

Alipomaliza kupumzika kama alivyoagizwa, alirudi kazini akawaita wateja wote awanyooshee mistari bure. Alikuwa na aibu kweli kweli. Wazee walikuja. Vijana wakakataa katakata.

"Kona yetu iache, fundi."

"Sijui kuipiga! Mkono unakwenda sawa wenyewe!"

"Si ufumbe macho?"

Jicho la pili lilifanyiwa upasuaji mwaka uliofuata. Tangu hapo hanyoi mtu mpaka asome ukuta kwanza, tena yeye ndiye anayeonyesha alama kwa chanuo, akirukaruka kama panzi. Yule mzee wa kule wodini alipojaribu kukariri, alirudishwa kwenye benchi.

Mjukuu sasa yuko sekondari. Shuka linamfika kiunoni, na swali lake alilitunza miaka yote ile. Wiki iliyopita, benchi likiwa tupu, alilitoa tena kupitia kwenye kioo. "Babu, sikukubali ile habari ya panzi. Kwa nini ulikuwa unafumba?"

Kinyozi akazima mashine.

"Nikiyafumbua nilikuwa naona kile kile. Sasa ukiyafumba mwenyewe, giza linakuwa lako, wewe ndiye umelitaka. Nikawa najiambia, siku nikiamua kuyafumbua vizuri nitaona. Basi, nikawa siamui." Akaiwasha mashine tena. "Haya, geuza kichwa kushoto. Kushoto kwako, si kwa kioo."