Walisema Alifuata Dhahabu

Nyanya yangu, mama yake mama, alilelewa na mama wa kambo huko Marani. Kuhusu mama yake mzazi aliambiwa jambo moja tu: kwamba alifuata dhahabu. Zamani zile watu walipokimbilia Kakamega kuchimba, yeye naye alimwacha mtoto wa miaka mitatu amelala, akaondoka na mwanamume asiyejulikana.

Maneno hayo yakawa fimbo. Nyanya akivunja chungu, aliambiwa ana mikono ya yule wa dhahabu. Alipoolewa Ikonge, maneno yalimtangulia huko. Mama yangu alipoachana na baba, watu wakasema damu haipotei. Hata mimi, mwalimu mwenye mshahara wangu, nilipokataa mchumba niliyetafutiwa niliulizwa nangoja dhahabu ipi.

Nyanya alipopita miaka tisini aliniita jikoni. "Nataka kujua alizikwa wapi," akasema. "Si kwa kumlilia. Nataka kujua tu."

Nilikwenda Kakamega likizo mbili mfululizo. Nilionyeshwa mashimo ya zamani yaliyoota nyasi, nikaketi na wazee waliosimulia habari za wanawake waliowapikia wachimbaji. Hakuna aliyemkumbuka Mkisii hata mmoja. Nilirudi nikiwa nimemchukia huyo mama kuliko nilivyokuwa nimeondoka.

Mtu wa mwisho aliyebaki wa kuulizwa alikuwa mjane wa kaka yake nyanya, wa baba mmoja, kule Marani. Nilimkuta akichambua maharagwe, nikamweleza nilikotoka.

"Kakamega ulienda kufanya nini?"

"Kumtafuta mama yake nyanya."

Hakuacha kuchambua. "Huyo hakufika Kakamega. Alikuwa hapo Kisii mjini, kwa Waislamu, nyuma ya msikiti. Aliolewa na muuza nguo."

"Mlijua?"

"Nani hakujua?"

Akanisimulia kama mtu anayesimulia mvua ya mwaka jana. Mume alikuwa akimpiga. Mara mbili alikimbilia kwao, na mara mbili ndugu zake wakamrudisha, kwa sababu ng'ombe wa mahari yake walikuwa wameshatumika kumwolea kaka yake mke. Mara ya tatu hakwenda kwao. Wanaume wa Marani waliona aibu kwamba mke wao yuko mwendo wa asubuhi moja na hawawezi kumrudisha, basi wakampeleka mbali kwa midomo.

"Na mtoto?"

"Mtoto akijua mama yuko karibu, si atatoroka?"

Nilisoma chuo cha ualimu mjini Kisii. Miaka yote ile nilipita nyuma ya msikiti huo nikienda sokoni.

Nyumba niliipata kwa kuuliza mara mbili tu. Alinipokea mwanamke wa rika la mama yangu, mjukuu wa yule mama. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaweka kikombe chini.

"Bibi hakutuficha," akasema. "Alikuwa anatuambia ana binti Marani. Siku za soko alikuwa akienda huko na mzigo wa leso. Hakuwa akienda kuuza, dada. Alikuwa akienda kumtafuta."

"Alimwona?"

"Mwishowe watu wa Marani walimwambia mtoto alikufa kwa surua. Akaacha kwenda. Tangu hapo akawa anamwombea kama maiti, kila Ijumaa, hadi alipokufa yeye mwenyewe."

Alikufa mimi nikiwa shule ya msingi. Nyanya wakati huo alikuwa na wajukuu. Na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini utotoni mwake, kama alivyozoea kunisimulia, kila siku ya soko nyanya alipelekwa kuchunga ndama mtoni, yeye peke yake.

Niliporudi Ikonge nilifikiria kumdanganya. Nikaona wamemdanganya vya kutosha. Nilimwambia yote, naye alisikiliza akiwa ameangalia majivu.

"Alizaa wengine?"

"Wanne, magokoro," nikasema, kama tumwitavyo nyanya kwa Kikisii.

"Akawanyonyesha wote." Halikuwa swali.

Nilimwambia ndugu wa mjini wanamkaribisha, na kaburi lipo. Akatikisa kichwa. "Nimezeeka nikimchukia. Sasa unataka nianze kumpenda kwa nguvu zipi?"

Yule mwanamke wa mjini alikuja mwenyewe mwezi uliofuata. Nyanya alimpokea kwa heshima, akaagiza achinjiwe kuku na mtu wa dini yake. Nyanya hajui Kiswahili, mgeni Kikisii chake ni cha salamu, basi mimi nikawa katikati nikitafsiri. Baada ya chakula mgeni akatoa picha ya mama mzee aliyevaa buibui, ameketi kwenye kiti cha mbao.

Nyanya aliisogeza karibu na dirisha, akaitazama muda mrefu. Kisha akanirudishia.

"Mwambie simjui," akasema. "Mwambie kama ningekuwa namjua, ningesema."

Nilishindwa kutafsiri. Mgeni akaniangalia, akaangalia picha mkononi mwangu, nadhani alielewa bila mimi. Alimshika nyanya mkono, akaaga kabla ya mvua. Nilimsindikiza hadi barabarani tukipita katikati ya majani chai. Nilitaka kumkasirikia mtu. Lakini waliotunga uongo ule wote wamekufa, wamezikwa kwa heshima, na makaburi yao yamewekwa vigae.