Runi za Mninga

Harufu ya mninga uliopasuliwa asubuhi haifanani na ya mbao nyingine yoyote. Ina utamu wa mbali, kidogo kama asali iliyoungua, na ukishinda nayo inaingia kwenye nywele, kwenye khanga, hata kwenye chakula. Mimi nililelewa ndani ya harufu hiyo. Karakana ya baba ilikuwa mbele ya nyumba yetu Mtendeni, mjini Tabora, na kwa kuwa mama alifariki nikiwa bado wa kubebwa, baba alinilaza juu ya maranda chini ya meza yake ya kazi, akaendelea kupiga randa. Kwa hiyo nikisema nilijua mbao kabla sijajua kuhesabu, sijisifu. Au tuseme najisifu, lakini kwa haki. Nilipofika miaka kumi na moja ungeweza kunifunga macho, ukaniwekea kipande puani, nikakwambia kama ni mninga, mkola au mtundu. Vijana waliokuwa wakijifunza useremala kwa baba walinijaribu mara nyingi wakitaka kunicheka, na kila mara waliondoka wakijikuna vichwa.

Kilichoninyima raha mwaka ule ni shangazi. Shangazi Nyamizi, dada mkubwa wa baba, aliishi Ziba, upande wa Igunga, na ng'ombe wake na mashamba yake na nyumba kubwa iliyobaki tupu baada ya binti zake wote kuolewa. Kila alipokuja kututembelea alinikuta nimejaa vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi, akashika kiuno. "Mdogo wangu," alimwambia baba, "nyumba haina mama, na wewe unamlea binti kama kijana wa karakana. Nipe mimi nikamfundishe kazi za nyumbani." Baba alimpiga chenga kwa muda mrefu, mara mtoto anaumwa, mara shule zimefunguliwa. Mwaka ule chenga zilimwishia, akakubali. Mvua za kwanza zikidondoka, shangazi angekuja kunichukua. Mimi sikuichukia Ziba, na shangazi nilimpenda hata kwa makelele yake. Nilichoogopa ni kutengwa na mbao kabla sijazishika sawasawa, maana baba alikuwa hajawahi kunipa hata patasi moja. Vijana walikuwa na patasi zao, mimi nilikuwa na ufagio.

Kiangazi cha mwaka huohuo mgeni alipanga chumba cha uani kwetu. Jina lake Astrid, alitoka Norwei kuja kufanya kazi na wafugaji nyuki wa misituni, na kabla hajamaliza kufungua mizigo yake Mtendeni nzima ilikuwa imeshampa jina la Asha. Dada Asha alikuwa na mfuko mdogo wa ngozi, na ndani ya mfuko vipande vya mti vyenye mikwaruzo. Jioni moja alivimwaga kwenye mkeka akanieleza. Vinaitwa runi. Ni herufi za mababu wa kwao, ishirini na nne, na kila moja ina jina lake na maana yake. Mwenye swali linalomsumbua hutia mkono mfukoni bila kutazama, akatoa kimoja, na kilichotoka ndicho jibu. Nilimuuliza vinauzwa wapi. Akacheka, akasema kwao vipo madukani siku hizi, lakini bibi yake alimfundisha kwamba vya kununua ni vya kuchezea tu, vya kweli unachonga mwenyewe. Kisha akanionyesha ishara ya kwanza kabisa katika mpangilio wao, akaniambia jina lake ni ng'ombe. Nilifurahi kuliko ninavyoweza kueleza. Watu wa mbali vile, wa kwenye baridi, na wao walianza na ng'ombe kama jamaa zangu wa Ziba!

Mimi nilikuwa na swali, tena kubwa: nitakwenda au nitabaki? Nikaamua nitachonga runi zangu. Nilikwenda kumwomba baba ruhusa nikiwa nimeshajiandaa kukataliwa, kwa sababu baba ni mtu wa msikitini na mambo ya kupiga ramli hataki hata kuyasikia. Alisikiliza mpaka mwisho huku akinoa msumeno. "Ramli ndani ya nyumba hii hapana," alisema. "Lakini kuchonga mbao si dhambi. Chonga." Akanyoosha mkono kwenye rafu akanipa patasi kuukuu iliyovunjika mpini, ile ambayo vijana waliikataa. Nililala nayo chini ya mto.

Kazi ya kwanza niliiharibu, na niliiharibu kwa utii. Dada Asha alisema runi hukatwa kwenye tawi bichi la mti unaozaa, na kwamba kabla ya kukata unauambia mti shida yako na kuushukuru. Tukaenda Itetemia, kwenye shamba la rafiki wa baba, mahali ambapo mji unaisha na mihogo inaanza. Nilichagua mninga, maana nao huzaa, matunda ya duara yenye miiba katikati. Niliushukuru kwa Kiswahili, halafu kwa Kinyamwezi, nisije nikaonekana mgeni. Tawi lilipokatika utomvu mwekundu ukachuruzika, mzito, kama mnyama kachinjwa, na Dada Asha akashika kifua. Alisema kwao ishara lazima zipakwe rangi nyekundu, watu huhangaika kuitafuta, na hapa mti unaitoa wenyewe. Tuliukinga kwenye kopo. Nikakatakata tawi vipande vya duara, nikachonga ishara zangu, nikavianika juani kwa fahari. Baada ya siku chache vyote vilikuwa vimepasuka nyufa kama visigino vya mchunga ng'ombe. Dada Asha hakuelewa. Baba alipita akavitazama, akasema bila kebehi, "Kwenu kuna unyevu, mti unakauka polepole. Kiangazi cha Tabora hakimsubiri mtu." Akanionyesha kwa kidevu rundo la mabaki lililokuwa nyuma ya karakana, vipande vilivyokaa kivulini tangu sijazaliwa.

Nikaanza upya kwa mabaki hayo. Mninga mkavu ni mgumu lakini ni mwaminifu, haukugeuki. Nilivikata vipande vya urefu wa kidole, nikavipiga msasa mpaka vikateleza mkononi, kisha nikashika patasi. Dada Asha alinifundisha kwamba ishara za kwao hazina mstari hata mmoja unaofuata nyuzi za mti. Mistari yote inazikata nyuzi, ama wima ama kwa mshazari, kwa sababu mstari unaokwenda pamoja na nyuzi hupotea au hupasua kipande. Nilipomweleza baba jambo hilo, aliacha kazi. "Hao watu walikuwa mafundi," alisema, na kuanzia siku ile akaacha kujifanya hatazami. Nilijikata mara nyingi. Mikono yangu ilikuwa na vidonda na sugu, nikawa naionyesha shuleni kama mtu anayeonyesha viatu vipya.

Majina nayo yalitupa kazi. Ishara ya mvua ya mawe niliielewa mara moja, kila mkulima anaijua. Ya barafu ilinitatiza. Dada Asha alisema ni ishara ya kutisha, ya mambo kusimama na njia kufungwa. Mimi barafu niliyoijua ni ile ya Bi Salma mwenye duka la jirani, ya ukwaju, iliyogandishwa kwenye vifuko vya nailoni, na hakuna mtoto Mtendeni ambaye angetetemeka kwa kuiona. Tulibishana, mwisho tukaiacha na woga wake wa Norwei. Lakini kwenye ishara ya farasi nilishinda. Nilimwambia baba sijawahi kumwona farasi, nitachongaje kitu nisichokijua? Baba akasema farasi hakuwahi kuwa mnyama wa huku, mbung'o walimmaliza. Njia yote ile ya zamani, kutoka pwani kupita hapa Tabora mpaka Ujiji, mizigo ilikwenda kwa mabega ya watu, na watu wenyewe walikuwa Wanyamwezi. Babu wa babu yake alikuwa mmoja wao. Alipolisema hilo aliinua kichwa, na mimi nikajikuta nimeinua changu. Basi ishara ile nikaiita mpagazi. Dada Asha aliifikiria, akasema maana yake haikuharibika hata kidogo, kwa kuwa kwao farasi ni yule anayekufikisha.

Nilipopaka utomvu kwenye mikwaruzo na kusugua kila kipande kwa nta ya nyuki, nilidhani nimemaliza. Sikuwa nimemaliza. Karakanani kwa baba kulikuwa na desturi, kazi ya kwanza ya mwanafunzi lazima ilale ndani ya maji mpaka asubuhi. Ikipasuka, ikivimba, ikitoa rangi, mwanafunzi anarudi mwanzo na hakuna kununa. Baba hakuwa amewahi kuniita mwanafunzi. Siku ile alichukua ndoo, akaiweka katikati ya karakana mbele ya vijana wote, akavitumbukiza vipande vyangu kimoja kimoja. Asubuhi aliviopoa, akavifuta kwa khanga yangu, akaviinua kwenye mwanga akitafuta kasoro kwa nguvu zake zote. Maji ya ndoo yalikuwa meupe. "Njooni mtazame," aliwaambia vijana. Nilitembea siku nzima kifua mbele mpaka Bi Salma akaniuliza kama nimevaa gauni la kubana.

Lakini ahadi ilikuwa ahadi, na baba si mtu wa kumgeuka dada yake. Mvua ikanyesha. Shangazi akateremka kwenye basi na kuku wawili na mfuko wa karanga, akakuta sanduku langu la bati limeshafungwa. "Mwangaluka," alisalimia nyumba nzima kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe. Tulipomaliza kula akaona mfuko wa runi zangu ulioning'inia shingoni mwangu, akauliza kuna nini. Nikamweleza. "Kumbe tuna mfumu mdogo hapa!" alicheka, maana kwetu mfumu ndiye mpiga ramli. Baba aligeuka upande wa mlango akaanza kuchunguza bawaba isiyokuwa na tatizo lolote. Mimi nilikusudia kutoa mwenyewe. Swali langu lilikuwa tayari mdomoni. Shangazi akaniwahi. Alitumbukiza mkono wake, akavipapasa kwa muda kama anachagua maharage, akatoa kimoja akakiweka kwenye mkeka.

Ilikuwa ishara ya safari. Jibu lilikuwa kwenda. Shangazi hakuzijua zile herufi, ningeweza kumwambia ni ng'ombe, akafurahi, na pengine ningejitafutia njia. Dada Asha alikuwa ananitazama, alijua ninachokiona. Lakini kipande kile nilikichonga mimi, kilikuwa kizuri, na sikuweza kukisingizia. "Ni safari, shangazi," nikasema.

Shangazi hakuitazama ishara. Alikuwa akikitazama kipande. Alikigeuza, akapitisha ukucha ndani ya mchoro, akakinusa. "Nani kachonga?" Nikasema ni mimi. "Na nani?" Kabla sijajibu, baba akasema palepale kwenye bawaba yake, "Peke yake. Na kimelala majini." Shangazi akakiweka kipande magotini. Alinishika mikono, akaigeuza viganja juu, akazigusa sugu zangu. "Mimi nilikuwa nafinyanga," alisema. "Vyungu vyangu vilikwenda mpaka Nzega. Nilipoolewa nikaambiwa udongo basi, na ukawa basi." Akakifumbata kile kipande. "Mkono uliotoa ni wangu. Safari hii ni yangu. Basi la kesho linaondoka saa ngapi?" Halafu akamgeukia baba. "Na wewe, mpe mtoto patasi inayoshikika." Nililia mbele ya watu wote na sikujifuta. Kipande cha safari alirudi nacho Ziba kwa ruhusa yangu, nami nikachonga kingine kujaza pengo.

Kama runi husema kweli sijui, na baba akisoma haya atataka niseme hazisemi. Ninachojua ni kwamba siku hizi watu wanaziona kwenye simu, wanagusa kioo na jibu linatokea kabla swali halijakomaa, na kuna mteja wa Dar es Salaam aliyeniagiza seti nzima akapambie sebule. Nilimwambia nitamuuzia kiti, runi achonge mwenyewe. Mninga nao umeadimika, milango ya alumini imejaa mjini, na mashine yangu inamaliza kwa saa moja kazi iliyowakalisha vijana wa baba kutwa nzima. Sililii wakati ule. Wakati ule binti alipewa ufagio, leo nina mabinti watatu wanaojifunza karakanani na hakuna anayefagia peke yake. Baba amezeeka, anakuja kukaa kwenye kiti changu cha wateja na kukosoa. Wiki iliyopita aliingia mtu kutafuta kitanda, akanipita mimi niliyekuwa nimeinama mlangoni na patasi, akaenda moja kwa moja kwa mzee, akampa shikamoo, akamwambia anamtafuta fundi. Baba aliitikia marahaba, akamtazama kwa utulivu, akamwambia, "Umempita hapo mlangoni."