Mashua Iliyovaa Kandambili

Mashua yangu hukaa uani kwangu Butembo, mji wa milimani, na ziwa ambamo ingeweza kuelea liko mbali kule chini, Kyavinyonge. Kila apitaye na pikipiki hupunguza mwendo aitazame. Majirani wamenitania mpaka wamechoka. "Papa, gharika inakuya lini?" Nami huwajibu kwamba ikija, sitawapandisha.

Mimi huuza vipuri vya magari. Mashua ilikuja ndani ya kontena pamoja na injini kuukuu, ndogo, nyeupe, imetengenezwa kwa watu wa kujifurahisha na si kwa wavuvi. Mwingine angeiuza wiki hiyohiyo. Mimi nilimwona akilini mke wangu ameketi ndani yake akicheka, basi ikabaki.

Mke wangu ni mtu wa Vuhovi, amekulia kwenye mashamba ya mteremko, na maji mengi aliyoyajua yalikuwa ya mtungi. Siku ya kwanza ziwani alishika ubao kwa mikono miwili akaimba nyimbo za kanisa tangu tulipotoka ufukweni hadi tuliporudi. Mwanzo aliimba kwa woga, mwishowe kwa raha. Hatukujaliwa watoto. Baada ya siku hiyo nilidhani tumepata chetu cha kutoka nacho.

Kisha kanisa likamtuma mji wa Beni, awafundishe kushona akina mama waliokimbia vijiji vyao. Walisema ni kwa muda. Aliyewahi kutumwa na kanisa au na serikali anajua "kwa muda" ni kipimo cha namna gani. Alikuwa akija kila mara, baadaye mara mojamoja, na siku za katikati mimi nilikula ugali wangu nikisikiliza redio, nikijibizana nayo kama mwendawazimu.

Mara ya mwisho tuliposhuka ziwani pamoja, aliteleza. Sakafu ya mashua ilikuwa imefunikwa kwa sponji ngumu iliyotoka nayo kiwandani, ya kuzuia miguu isiteleze, nayo ilikuwa imechakaa. Kingo zilijikunja, katikati pamekuwa laini kama sabuni iliyobaki bafuni. Aliangukia nyonga. Hakulia. Aliketi kwenye kiti, akatazama upande wa Uganda, akasema, "Mi siingie tena mu hii kitu mpaka ubadilishe hii mousse."

Sisi tuna neno moja, mpaka, kwa mambo mawili. Ni siku inayongojewa, na ni mstari kati ya shamba langu na shamba lako, ule unaopeleka ndugu kwa chifu. Mimi nilichagua maana ile iliyonifaa. Nikasema moyoni, sawa, sponji ikibadilika, mama atarudi. Mimi ni mtu wa kutengeneza. Nipe kilichoharibika unionyeshe palipoharibika, basi.

Kung'oa ya zamani kulikuwa kazi ya kutukana. Gundi ya kiwandani ilishika kuliko deni la ukoo. Nilikwangua kwa patasi na petroli, nikaenda dukani nikinuka, wateja wakarudi nyuma. Nilipofika mahali alipoangukia nilipumzika kidogo, nikaendelea.

Ndipo nikafanya kosa ambalo naamini hufanyika Butembo tu. Kwetu ukisema mousse, umesema godoro. Nilimwendea muuza magodoro nikamwomba mousse ngumu kuliko zote, naye akanitolea ile anayowauzia watu wanaotarajia wakwe wazito. Niliikata vizuri, nikaibandika kwa kole, gundi ya mafundi viatu. Majirani walikuja kuibonyeza kwa vidole, wakasifu. Jumapili mke wangu alipopiga simu baada ya ibada, nilimwambia imekwisha.

"Kweli?" akasema. "Mbio vile?"

"Kuya uione."

"Tutaona," akasema, akaniuliza kama ninakula mboga.

Mvua ya Butembo haikungoja aione. Ilinyesha usiku kucha, na asubuhi nilipokanyaga ndani ya mashua maji yalipanda hadi kwenye vifundo vya miguu, kwa sauti ya mtu anayekunywa uji. Godoro lilikuwa limelewa. Lilipokauka likaanza kunuka, na gundi ikaachia. Jirani aliegemea ukuta akatazama kwa muda. "Papa," akasema, "ulitandikia basamaki kitanda." Alicheka yeye, akacheka mkewe, nami nilitaka kucheka nikashindwa. Niliingia ndani nikafunga mlango. Ukweli ni kwamba nililia, mtu mzima, kwa ajili ya godoro lenye maji.

Dawa niliipata uani kwangu. Mvua nyingine ilikuwa imejaza beseni, na ndani yake kandambili yangu ya kuogea ilikuwa ikielea, kavu upande wa juu kama haikuhusika. Niliichukua, nikaibonyeza. Ilikuwa haijanywa hata tone. Niliivaa hivyohivyo nikaenda kwa mafundi viatu, kwa maana wao hununua raba ile ikiwa mapande mapana kabla ya kuikata nyayo. Walikuwa na ya bluu na ya pinki. Ya bluu haikutosha.

Safari hii sikukimbia. Nilipasua mifuko ya saruji, nikaitandaza ndani ya mashua na kuchora umbo la sakafu kona kwa kona. Niliipiga sakafu msasa, nikaipangusa, nikaiacha ikauke vizuri. Gundi hupakwa pande zote mbili, kisha unangoja. Hapo ndipo wengi huharibu, hawawezi kungoja. Unagusa kwa mgongo wa kidole. Kikinata, rudi ukae. Mimi kukaa nilikuwa nimejifunza. Niliilaza raba kuanzia katikati kwenda pembeni, nikisukuma hewa itoke kwa kuviringisha chupa ya bia niliyoiomba kwa jirani, kwa sababu nyumba yetu ni ya Kiprotestanti. Mwisho nilipasha nondo moto nikachora mifereji myembamba, maji yapate njia na mguu upate pa kushika. Nilichora sana upande wa kiti chake.

Nilimwambia kwenye simu kwamba imekwisha, safari hii kweli. Akasema atakuja.

Alitoka Beni kwa gari akiwa na mfuko mdogo. Niliuona ule mfuko. Alizunguka mashua, akafunika mdomo kwa mkono. "Yee! Umeivalisha kamambili!" Akacheka, na kicheko kile kilinishibisha kuliko chakula cha wiki nzima.

Asubuhi tuliifunga nyuma ya gari tukapita Kyondo, tukashuka kuelekea joto. Penye kizuizi mwanajeshi mmoja, mtu wa kutoka mbali magharibi, aliomba kuona ndani. Alikanyaga raba kwa buti lake, akarudia. "Papa, oyo malamu," akasema kwa Kilingala, yaani hii ni nzuri, akatuachilia. Nilijisikia nimepewa cheo.

Kyavinyonge ilinuka samaki waliokaushwa, na korongo wakubwa wametapakaa ufukweni wakingoja matumbo. Mke wangu alivua viatu, akaingia. Alisimama katikati. Alitembea mbele, akarudi nyuma, na tulipofika maji mapana alicheza hatua chache, zile wanazocheza akina mama wakipeleka sadaka. Niliyumbisha mashua kidogo makusudi. Mguu wake haukusogea.

"Wasingya," akasema, asante ya kwetu ya Kinande. "Kweli umefanya kazi."

Nilizima injini ili nimwambie niliyokuwa nimeyapanga: kwamba paa la jikoni nimelibadilisha pia, na cherehani yake nimeitia mafuta. Yeye alinitangulia.

"Muzee, kanisa iliniuliza kama minarudia Butembo ao minabakia Beni. Nikawaambia minabakia."

"Kwa muda?"

"Hapana. Kubakia."

Viboko walipiga kelele mahali fulani kwenye matete. Nilimuuliza nimemkosea nini. Alitikisa kichwa, akanitazama kwa huruma, na huruma hiyo ilinichoma kuliko hasira.

"Haukunikosea kitu. Mais kule niko na bantu. Asubuhi banapiga hodi, banalia, banacheka, tunashona. Hapa minakuwa mu nyumba na mutu mwenye kutengeneza bintu." Aliweka mkono wake juu ya mkono wangu. "Nitakuya kukutembelea."

Kutembelea. Mgeni ndiye hutembelea. Nilitaka kumjibu vikali, nina ulimi huo. Nilisema tu, "Sasa, ile kuanguka?"

"Ile nilianguka tu, Muzee. Iliuma, ikapona."

Niliwasha injini tukarudi. Ufukweni alishuka peke yake, nguo ameikunja magotini, akapita juu ya raba iliyolowa bila kushika chochote, akaenda kununua samaki wa kupeleka Beni. Mimi nilibaki ndani ya mashua. Nilipiga magoti nikaanza kupapasa kingo za raba, pembe hadi pembe, chini ya viti, kuzunguka usukani, nikimwomba Mungu nipate hata mahali padogo palipobanduka. Kila mahali palikuwa pameshika.